Tanga Lenye Kitovu

Wenye malori wa Busia wakichoka kusema habari za malori, husema habari za maji. Asubuhi ile ya Jumatano walikuwa wanne kwenye benchi la mama wa chai, ndani ya yadi iliyo nyuma ya forodha upande wa Uganda, malori yao yakingoja karatasi. Karatasi za mpakani zina mwendo wake, na haijapata kutokea zikaongeza mwendo kwa sababu mtu amekunja uso. Basi walikunywa chai, wakatafuna chapati, na Okurut akaleta shida ya bomba lake.

Okurut alikuwa mtu wa Tororo, mwenye lori moja tu, Fuso kuukuu, na kwa sababu ni moja alilitaja kama watu wanavyomtaja mtoto wa pekee. Nyumbani kwake alikuwa na maji ya bomba yaliyoingia hadi jikoni tangu mwezi wa sita. Sasa bomba limeanza ukaidi.

"Nafungua, inakohoa kama mzee," alisema. "Halafu maji nakuja kidogo, halafu nakataa."

Kila mtu akawa fundi. Maloba wa Masaba, mwenye malori mawili na tumbo la malori matatu, alisema paipu ni nyembamba. Arthur wa upande wa Kenya, aliyeingia kwenye chama chao miezi miwili tu iliyopita, alisema ni valvu imekufa, na akaeleza kwa mikono yote miwili jinsi alivyobadilisha ya kwake mwenyewe, nyumba nzima ikafurika maji na mkewe akalala kwa mama yake siku tatu. Wakacheka. Oguttu, mwenyekiti wa chama, aliwaacha wamalize. Ndivyo alivyokuwa, aliwaacha watu wamwage yote waliyo nayo ndipo aseme lake.

"Ni hewa," alisema. "Pale paipu inapanda kichuguu, pale juu hewa nakaa. Weka kakoki kadogo hapo. Fungua, wacha ipumue, funga. Itakuwa sawa."

Okurut akaitikia kwa kichwa. Amwamini nani kama si Oguttu? Paipu zile Oguttu ndiye aliyezileta Tororo kwa lori lake mwenyewe, akaja na fundi bomba, akakunja suruali na kuchimba mtaro pamoja nao. Hakutaka hata asante. Mwaka ule ulikuwa umemwendea Okurut vibaya: wiki ya Pasaka lori lake liliibiwa turubai humu humu yadini, mvua ikanyesha juu ya magunia ya mahindi ya watu wa Nabuyoga, mahindi yakaota, na yeye akabaki na hasara na jina baya. Ndipo Oguttu akaja na mabomba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, Okurut alikuwa akisema, na alilisema kanisani, harusini, na hata kwenye foleni ya dizeli.

"Hewa hii hii," Oguttu akaendelea, "kwa bomba ni adui, kwa tanga ni bosi."

Wakajua wamekwisha. Oguttu alikuwa Msamia wa ziwani, na ukimpa upenyo mdogo tu atakufikisha ufukweni Majanji. Akachukua chapati akaikunja ikawa tanga, akachukua kijiko kikawa mlingoti, akawaonyesha namna mashua inavyokwenda kinyume na upepo: humwendei upepo uso kwa uso, unamkwepa kushoto, unamkwepa kulia, mwisho unafika alikotoka na yeye mwenyewe hana habari. Maloba alisema hivyo ndivyo yeye anavyokwenda nyumbani akiwa amelewa. Wakamgeukia Okurut, wakamwuliza Mteso anajua nini habari ya ziwa. Okurut akajibu kwamba anawajua samaki, na wote aliowajua walikuwa kwenye sahani.

Arthur akataka jeki. Akaenda akaitoa kwenye lori la Maloba bila kumwomba, akaiweka kando ya gurudumu lake, akarudi kukaa. Maloba hakugeuza hata shingo. Hiyo ilikuwa desturi ya yadi: jeki, kamba, tairi la akiba, mwenye lori huchukua kwa mwenzake bila kuuliza na hurudisha bila kushukuru. Dereva hakuwa na ruhusa hiyo. Dereva akichukua, ameiba.

"Wazee, kumbe mimi nina video," Arthur akasema akipapasa simu. "Nilienda Majanji yale mashindano ya matanga. Cheki mwenyekiti wetu akikata kona."

"Weka simu, chai inapoa," Oguttu akasema.

"Dakika moja tu. Buda, umetuficha! Huyu mtu ni nahodha."

Simu ikapita hadi mkononi mwa Okurut. Akaona ziwa, akaona watu wakishangilia ufukweni, akaona mashua yenye tanga jeupe lililoandikwa NEEMA kwa rangi nyekundu. Oguttu alikuwa nyuma, kofia kichwani, mdomo wazi kwa furaha. Mashua ikageuka, jua likawa nyuma ya tanga, na mwanga ukapenya rangi ile nyeupe. Pembeni chini kukatokea duara jeusi, kubwa kiasi cha sahani ya wali, limezungukwa na alama ndogo ndogo zilizopishana mithili ya nyayo za kuku.

Okurut akaomba irudiwe. Arthur akairudia. Duara likatokea tena, pale pale.

Turubai lake lilikuwa limeungua tundu Nabuyoga, miaka mitatu iliyopita, kwa kaa la mchoma mahindi. Mkewe, Akwi, alikata duara kutoka kwenye ngozi nyekundu ya kiti cha zamani cha Fuso, akalishona kwa uzi wa nyavu, mishono ya kupishana, kwa sababu uzi ule ulikataa mshono mwingine wowote. Yadi nzima ilicheka. Lori la Okurut lina kitovu, walisema. Kila lilipoingia langoni Maloba alipiga kelele kwamba kitovu kimefika, mtu amlete mkunga. Mzaha huo haukuwahi kuzeeka.

Okurut akainua macho. Maloba alikuwa anatazama ndani ya kikombe kisicho na chai. Oguttu alisema kwamba jua la ziwani hudanganya kamera. Hakuna aliyetaja kitovu. Hapo ndipo moyo wa Okurut ulipoanguka: watu waliocheka kile kiraka miaka mitatu, leo wamekiona mbele ya macho yao na hawakucheka.

Akamrudishia Arthur simu yake, akasema anakwenda kuangalia kama karatasi zimetoka.

*

Hakwenda kwenye karatasi. Alipanda pikipiki ya kukodi hadi Majanji.

Kilichomchoma hakikuwa turubai. Turubai linanunuliwa. Kilichomchoma ni Okia.

Okia alikuwa ndugu wa Akwi, tumbo moja, na dereva wa Fuso lile kwa miaka saba. Siku turubai lilipopotea Okurut mwenyewe alikuwa amemtuma ng'ambo ya mpaka kufuata mihuri. Aliporudi alikuta mahindi uchi na mawingu yamekwisha kukusanyika. Hakuna aliyemwamini, wakasema ameliuza. Chama kikakaa kumhukumu, Oguttu mwenyekiti. Usiku wa kuamkia siku ile Akwi alimwomba mumewe asimpeleke ndugu yake kuhukumiwa na watu wasiomjua. Okurut akamjibu kwamba Oguttu ni mtu wa haki. Mbele ya kikao Okia aliomba aletewe Biblia aape, na Oguttu akasema, kwa upole kabisa, kwamba kiapo hakifuniki mahindi. Wakaandika jina lake, wakalipeleka kwa wenye malori wote kutoka Malaba hadi Mbale, kwamba mtu huyu asipewe usukani. Na Okurut alitia sahihi. Tena alikuwa wa kwanza, ili watu wasiseme anamlinda shemeji yake.

Tangu hapo Okia aliuza maji Tororo kwa baiskeli, mitungi sita kwa safari. Zamani alimwita Okurut shemeji. Sasa wakikutana barabarani alimwita bosi, akapita.

Huko Majanji mashua ya Oguttu ilikuwa imevutwa mchangani, na tanga limekunjwa kando ya tanuri za kukaushia samaki. Mwenye tanuri alikuwa mama mmoja mtu mzima aitwaye Taaka, ambaye pia alilipwa kuangalia vyombo vya watu. Okurut akamsalimu, akasema ametoka kwa mwenyekiti. Hakuwa amesema uongo. Mama akamruhusu.

Akalikunjua. Upande wa juu ulikuwa rangi nyeupe na NEEMA. Akaligeuza. Upande wa chini ulikuwa kijani, na kitovu kilikuwa hapo, ngozi nyekundu iliyopasuka pasuka, na mishono ya Akwi haikuwa imeachia hata mmoja. Alipitisha kidole juu yake. Alitaka kulia, akaona aibu kwa sababu ya mama yule.

"Hii ilikuja lini, mama?"

"Ile wiki ya Pasaka. Mzee alileta mwenyewe, Jumanne," Taaka akasema akigeuza samaki. "Alisema ni ya kuwekea wageni kivuli, siku mbili narudisha. Sasa yule mshonaji wa matanga akaona turubai nzuri imelala hapa, akafikiri ndiyo tanga mpya. Akakata. Mzee kurudi, imeisha kukatwa."

"Akafanya nini?"

"Alikaa hapo chini. Alisema, Taaka, nimekwisha. Mimi namwambia, si uende tu uambie mwenyewe? Kuazima si dhambi. Akasema, ndiyo, ataenda kesho." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Kwani hakuenda?"

Okurut akamwambia kwamba alikwenda, ila alikwenda na mabomba. Mama hakuelewa, naye hakumweleza.

*

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mwamba wa Tororo, alimkuta Akwi jikoni akingoja bomba limalize kukohoa ajaze sufuria. Nyumbani walizungumza Kiteso, na kwa Kiteso hakuna njia ya kuzunguka jambo kama hilo. Akamwambia moja kwa moja kwamba Okia hakuuza turubai, kwamba aliyelichukua ni Oguttu, na kwamba amekiona kiraka chake kwa macho na kukishika.

Akwi akafunga bomba. Akakaa juu ya kigoda, mikono yake mikubwa ya cherehani imelala mapajani. Akauliza kama ni Oguttu yule yule aliyekula kuku hapa, akalala kwenye kiti kile pale kwa kuchoka kuchimba mtaro. Okurut akasema ndiye.

"Mimi nilimwombea yule mtu," Akwi akasema. "Kila jioni nikifungua maji haya, namwombea."

Okurut akaanza kueleza habari za desturi ya yadi, kwamba kuchukua si tatizo, kwamba angekuja siku ile ile wangecheka wakanywa chai. Akwi hakuwa anasikiliza.

"Baba Provia," alisema. "Turubai mimi silitaki. Utaniletea jina la ndugu yangu?"

"Nitakuletea."

"Lini?"

"Kesho. Mbele ya wote. Watalifuta kama walivyoliandika."

Akwi akamtazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akainuka, akasema basi kesho atachinja.

*

Alhamisi yadini Okurut hakungoja chai. Aliwaita pembeni, nyuma ya lori lake, Oguttu na Maloba na wengine wanne wa kamati. Arthur naye akaja, ingawa hakuitwa, kwa kuwa alikuwa ameelewa kwamba simu yake imezua jambo. Okurut alikuwa ameyapanga maneno njia nzima kutoka Tororo. Yalipotoka yalitoka machache, kwamba jana amefika Majanji na kuligeuza tanga.

Alitegemea Oguttu atakana. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Oguttu hakukana. Alivua kofia, akajipangusa kichwa, akasema ni kweli. Alisema alichukua kama wanavyochukuliana, kwa siku mbili. Alisema habari za mshonaji. Alisema mvua ilinyesha kabla hajapata la kusema, na baada ya mvua kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana yake.

"Ungeniambia," Okurut akasema. "Hata baada ya mvua. Mimi ningekasirika siku moja."

"Najua."

"Wewe ulikaa kiti cha mbele. Okia analia hapa, wewe unasema kiapo haifuniki mahindi. Na turubai unajua iko wapi."

Oguttu akatazama chini. "Ile siku imenikaa hapa," akasema, akigusa kifua. "Ndiyo sababu nilikuja kwako na paipu."

Okurut akawageukia wengine, akauliza nani mwingine alijua. Wakakiri mmoja mmoja. Maloba alikuwa ameliona tanga lile mwezi wa tano. Wawili wengine waliambiwa na Maloba. Walikuwa wamekunywa naye chai miezi mitano, wamemsikia akimsifu Oguttu kwenye foleni ya dizeli, wamenyamaza. Watu wote hawa alikuwa anawaita ndugu.

"Basi mfute jina la Okia," akasema. "Leo. Mpeleke neno Malaba hadi Mbale, kama mlivyopeleka lile."

Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Kuhusu turubai walikuwa tayari kusema pole mpaka jioni. Kuhusu jina, kila mtu akapata neno. Mmoja alisema chama kikisema kilikosea mara moja, madereva wote waliowahi kuhukumiwa watakuja na Biblia zao. Mwingine alisema watu wa Nabuyoga bado wana uchungu wa mahindi yao, wakisikia ni mwenyekiti, watamtafuta mwenyekiti. Maloba alisema Okia si yupo anauza maji, anakula, watoto wanakula, kwani amekufa?

"Yeye angekuja kujisemea," Maloba akaongeza. "Asiyekuwapo na lake halipo."

"Mlimfukuza. Atakujaje?"

Arthur akafungua mdomo, akasema kwamba kwa kweli wazee, hii si fair. Maloba akamwuliza yuko kwenye chama tangu lini. Arthur akaufunga.

Oguttu alikuwa amewaacha wamwage yote, kama kawaida yake. Kisha akamshika Okurut mkono, akamvuta hatua mbili tatu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayetisha. Pengine ingekuwa rahisi zaidi kama ingekuwa hivyo. Alisema kuna mzigo wa saruji wa miezi sita kutoka Tororo hadi ng'ambo, orodha iko mfukoni mwake, na jina la Okurut ni la tatu. Alisema hatamfuta humo, hapana, hata Okurut akienda kusema kwa watu wa Nabuyoga hatamfuta. Lakini mwenyekiti akianguka orodha itaanguka naye, na wenye malori ishirini watajua ni kwa nini.

"Turubai nakupa mpya, leo," akasema. "Na Okia, tumpe muda. Mwakani, pole pole, tunaweza kumrudisha bila kelele. Bila kusema nani alifanya nini."

Okurut akafikiri habari za Provia, binti yake, aliyebakiza mwaka mmoja shule. Akafikiri matairi ya mbele ya Fuso. Akamfikiri Akwi kwenye kigoda, na hilo akalipita haraka. Hapana ndilo neno alilotakiwa kusema, lilikuwa hapo ulimini, fupi. Alikuwa amelisema peke yake barabarani mara nyingi.

"Sawa," akasema.

Walilileta turubai saa ile ile, tayari lilikuwa dukani limewekwa, bado lina mikunjo ya kiwandani na harufu yake. Hawakuita dereva yeyote alifunge. Walipanda wenyewe, wazee wenye vitambi, wakalitandaza juu ya Fuso wakivuta kamba huku na huku, wakitupiana maneno, maana hofu ilikuwa imewatoka na sasa walikuwa na furaha ya watu waliosamehewa. Maloba akaupiga ubavu wa lori kwa kiganja.

"Hili halina kitovu," akasema. "Hili halikuzaliwa, limenunuliwa."

Ule mzaha, waliouficha miezi mitano, ukarudi. Wakacheka mpaka mama wa chai akachungulia. Na Okurut, Mungu amsamehe, akacheka nao.

*

Alipoingia uani kwake alisikia harufu ya kuku kabla hajazima injini. Baiskeli ya Okia ilikuwa imeegemezwa ukutani, bila mitungi.

Akwi alikuwa ametandika mkeka nje na kuweka kiti kizuri, kile kile alicholalia Oguttu. Juu yake alikaa Okia katika shati jeupe lililopigwa pasi, mikono juu ya magoti. Mfukoni mwa shati kulikuwa na kitu kigumu cha mraba, na Okurut hakuhitaji kuuliza. Mtu aliyenyimwa usukani miezi sita amekuja na leseni yake.

Okia akasimama. "Karibu, shemeji," akasema.

Neno hilo Okurut hakuwa amelisikia tangu Pasaka. Akashuka garini akishughulika na funguo, halafu na mlango, halafu na vumbi la suruali. Akwi alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Hakumtazama mumewe. Alilitazama turubai jipya lililong'aa juu ya lori, kona hadi kona, akalitazama kwa macho ya mshonaji, taratibu.

"Wamekupa jipya," akasema.

"Walisisitiza. Nilikataa kwanza, lakini…"

"Na lile nililokutuma?"

Akasema mambo haya yanataka subira. Akasema mwakani, pole pole, bila kelele. Akataja saruji, miezi sita, Provia. Aliongea mbele ya shemeji yake kama mtu anayeomba mkopo, na kadiri alivyoongea ndivyo alivyojisikia akinuka uongo, ingawa safari hii alikuwa anasema kweli tupu.

Okia alisikiliza hadi mwisho. Uso wake haukubadilika sana. Kisha akatembea hadi kwenye Fuso, akazunguka nyuma, akashika kamba ya kona ya kushoto na kuivuta. Ikalegea yote mkononi mwake.

"Aliyefunga hapa si dereva," akasema. "Ingefika Malaba ikiwa imefunguka." Akaifungua, akaifunga upya, mafundo mawili, akaijaribu kwa uzito wake wote. Akaridhika. Akajipangusa mikono kwa uangalifu ili asichafue shati, akarudi hadi kwenye baiskeli yake.

"Chakula kiko tayari," Akwi akasema.

"Nimeshiba, dada. Asante." Akaitoa baiskeli ukutani. Alipompita Okurut akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima, kama mtu wa kazi. "Bosi," akasema.

Okurut akataka kumshika mkono, na mkono wake haukuinuka. Hapo ndipo alipoelewa kwamba Oguttu alimwibia turubai tu. Lililobaki lote alilitoa mwenyewe, kwa sahihi yake, na leo kwa neno moja.

Akwi akaweka mwiko chini. Akaenda ukutani mahali paipu ilipoingilia nyumba, akainama, akashika koki kuu ya kufungia maji kwa mikono yote miwili, akaizungusha mpaka ikagoma. Ndani, bomba la jikoni lililoachwa wazi likakohoa mara mbili, likanyamaza.

"Okia," akaita. Ndugu yake alikuwa amefika langoni. "Kesho asubuhi niletee mitungi miwili."

"Ya nani?"

"Ya nyumba hii. Kila siku."

Okia akamtazama Okurut aliyekuwa amesimama kati ya lori na mkeka, funguo zikiwa bado mkononi. "Bosi atakubali?"

Akwi alikuwa ameanza kukunja mkeka. Hakugeuka.

"Atakubali," akasema. "Huyu hukubali."